Hasira, ADHD na breki ya nje

Leo nawaandikia kutoka hapa Rongo kuhusu hasira. Msikimbie, Linux itaingia humu humu.

Mimi natengeneza programu na nina ADHD, ile hali ya ubongo inayomfanya mtu apoteze umakini, asahau mambo na atende kabla ya kufikiri. Wengi huijua kwa mtoto asiyetulia darasani. Upande usiosemwa sana ni hasira. Umeme unapotea katikati ya kazi, au mteja anageuza kila kitu saa mbili kabla ya kukabidhiwa tovuti, na moto unawaka papo hapo. Nusu saa baadaye umezimika, lakini maneno yaliyotoka hayarudi.

Huku kwetu utasikia, "Huyo ana mirima tu." (Mirima ni hasira kwa Kijaluo.) Kisha unafuata ushauri: jizuie! Wahenga nao walisema hasira hasara. Kweli tupu, ila methali hiyo inakutajia bei tu, haikuonyeshi breki iko wapi.

Na kwa mtu wa ADHD, kilicho dhaifu ni hiyo breki yenyewe. Daktari Paul Wender wa Chuo Kikuu cha Utah, Marekani, aliihesabu hasira ya haraka kuwa moja ya dalili za hali hii kwa watu wazima. Lakini DSM-5, mwongozo wa madaktari wa mwaka 2013, una dalili 18 na hasira haimo. Imetajwa pembeni kama jambo linaloandamana nazo. Ndiyo maana kijana anaweza kupoteza kazi tatu mfululizo akiitwa mwenye kiburi, asijue kwamba kuna msaada. Kumwambia "jizuie" ni sawa na kuiambia kompyuta yenye memori ndogo ijikaze!

Maoni yangu ni haya: breki iwekwe nje ya kichwa, na iwekwe mapema, wakati umetulia.

Mwezi Septemba 2018 Linus Torvalds, muumba wa Linux, aliomba radhi kwa ukali wa barua pepe zake na akapumzika uongozi kwa muda. (Sisemi ana ADHD, kumpima si kazi yangu.) Aliieleza BBC kwamba ameweka kichujio: barua yake ikiwa na matusi, haiondoki. Hakuahidi kuwa malaika. Alifunga mlango. Huo ni uhandisi safi!

Zangu ni za kawaida. Gmail nimeiwekea sekunde 30 za kurudisha barua, ambazo ndizo nyingi zaidi inazoruhusu. Jibu la mteja msumbufu naliandika kwenye faili tupu isiyo na anwani. Umeme ukipotea, naacha simu mezani na kutembea hadi stendi na kurudi. Na mwenzangu wa kazi anajua nikisema "naenda kuteka maji", asinifuate kwa dakika kumi.

Kuna atakayesema hiki ni kisingizio. Hapana. ADHD inaeleza hasira, haiisamehi. Aliyeumizwa bado anadai radhi yake. Anayejenga breki ndiye amekubali kwamba mzigo ni wake. Anayesema "ndivyo nilivyoumbwa" ndiye anayejificha.

Breki hizi pia hazichukui nafasi ya dawa wala ushauri nasaha. Sheria ya afya ya akili ya Kenya, iliyorekebishwa mwaka 2022, inazipa serikali za kaunti wajibu wa kutoa huduma hizi. Kwa hiyo ukienda hospitali ya kaunti, iwe Migori au Homa Bay, uliza bila haya. Na ukimweleza daktari kuhusu kusahau na kutotulia, usiiache hasira nyumbani. Itaje nayo.

Haya, umeme umerudi. Wewe breki yako umeiweka wapi?