Njaa Katika Nchi Yenye Chakula

Mvua zikosapo, watu husema kwamba njaa imeletwa na jua. Maneno hayo yana ukweli, lakini si ukweli wote. Jua hukausha mimea, wala hakuna awezaye kubishana na hilo. Lakini karani wa mjini hana shamba, na mwenye duka hana shamba, na mwalimu aliyepangisha chumba karibu na shule hana shamba. Hata hivyo mwaka wa ukame ukija, hao huendelea kula. Wafao ni kibarua, mvuvi, mfugaji, na mjane anayeuza mikeka. Kwa nini basi jua lichague watu? Swali hilo ndilo lililomshughulisha mtaalamu mmoja wa elimu ya uchumi, Profesa Amartya Sen, kwa miaka mingi, na jibu lake limegeuza sana namna ambavyo serikali na mashirika ya dunia hupigana na njaa.

Bwana Sen alizaliwa mwaka 1933 huko Santiniketan, katika jimbo la Bengal, Bara Hindi. Baba yake alikuwa mwalimu wa elimu ya kemia katika chuo kikuu cha Dhaka. Mwaka 1943, mtoto huyo akiwa bado hajatimiza miaka kumi, njaa kubwa iliingia Bengal. Watu wa vijijini waliokonda hata mbavu zikahesabika walipita mbele ya nyumba za jamaa zake wakielekea Calcutta kutafuta chakula. Babu yake alimruhusu kuwapa mchele wale walioomba, lakini kwa kipimo: kopo moja la sigara kwa kila jamaa, kusudi akiba iwafikie wengi. Jambo moja lilimkaa mtoto yule moyoni. Katika jamaa zake, na katika jamaa za wenzake wa shule, hakuna aliyekosa chakula. Njaa ile ilipita kama mtu mwenye orodha ya majina mkononi, akibisha mlango huu na kuuacha ule.

Njaa hiyo iliua watu wengi mno. Tume ya serikali iliyochunguza habari zake mwaka 1945 ilikadiria vifo kuwa milioni 1.5, Bwana Sen mwenyewe, alipozipitia hesabu hizo baadaye, aliona kwamba waliokufa walikuwa karibu milioni 3. Wakuu wa wakati ule walisema sababu yake ni upungufu wa mchele. Na kweli mambo mengi yalikuwa yameharibika. Mwaka 1942 Wajapani waliteka Burma, na mchele uliokuwa ukiletwa kutoka huko ukakoma. Serikali, kwa kuogopa adui asije akafaidika, ilichukua mchele katika wilaya za pwani na kuwanyang'anya watu mashua zao. Mwezi wa Oktoba mwaka huo tufani kali ilipiga wilaya ya Midnapore.

Lakini Bwana Sen alipozichukua hesabu za mavuno na za chakula kilicholetwa kutoka nje, akazipanga mwaka baada ya mwaka, aliona jambo la kustaajabisha. Kwa hesabu zile, chakula kilichokuwako Bengal mwaka 1943 kilipungua kidogo tu kuliko wastani wa miaka mitano iliyotangulia, nacho kilizidi kile cha mwaka 1941 kwa kadiri ya sehemu 13 katika mia. Na mwaka 1941 hapakuwa na njaa. Basi kama chakula kilikuwako, watu walikufa kwa nini?

Jibu lilikuwa sokoni. Wakati ule serikali ilikuwa ikitumia fedha nyingi sana kwa ajili ya vita. Calcutta ilijaa askari, na wajenzi, na watu wa viwandani, nao walikuwa na mishahara. Tena wafanyakazi wengi wa mji waliuziwa mchele kwa bei nafuu ili kazi za vita zisisimame. Wafanya biashara, walipoona bei inapanda, walificha magunia wakingojea ipande zaidi. Kati ya Desemba 1942 na Agosti 1943 bei ya mchele Calcutta ilikaribia kuongezeka mara tatu. Ujira wa kibarua wa shambani haukuongezeka kwa kadiri hiyo. Mvuvi aliyenyang'anywa mashua hakuwa na samaki wa kuuza. Kinyozi wa kijiji alikosa wateja, maana mtu mwenye njaa hana haja ya kunyolewa. Mchele ulikuwako, lakini ulikwenda kwa mwenye fedha, na asiye na fedha alikufa nje ya duka lenye mchele.

Mambo hayo Bwana Sen aliyaeleza kwa urefu katika kitabu kilichotoka mwaka 1981 kiitwacho Poverty and Famines. Shina la mafundisho yake ni hili. Kila mtu hupata chakula kwa njia yake: mkulima kwa mavuno yake, kibarua kwa ujira wake, fundi kwa kazi ya mikono yake, mfugaji kwa mnyama wake, na mzee kwa msaada wa watoto wake au wa serikali. Njia hiyo ikikatika, mtu huyo hufa njaa hata kama ghala za nchi zimejaa. Kwa hiyo mtaalamu wa uchumi anapoitwa mahali penye njaa haimfai kuuliza tu, "Pana magunia mangapi?" Yampasa kuuliza pia, "Ni nani ambaye njia yake imekatika, na imekatika wapi?"

Habari za Wollo, katika nchi ya Uhabeshi, zinayaonyesha mambo haya kwa njia ambayo kila mfugaji wa Afrika ya Mashariki ataielewa. Mwaka 1973 ukame uliiharibu Wollo, na watu wakafa kwa maelfu. Hata hivyo, katika mji wa Dessie bei ya nafaka haikupanda sana, na chakula kingine kilikuwa kikitolewa Wollo kupelekwa sehemu nyingine za nchi. Mtu aliyetazama bei ya nafaka peke yake angedhani hapana shida. Ukweli ni kwamba wakulima waliopoteza mavuno yao hawakuwa na kitu cha kupeleka sokoni, na chakula hakimfuati mtu asiye na fedha. Wafugaji wa Afar nao walipatwa na msiba wa namna mbili. Kwanza mifugo yao ilikufa. Pili ile iliyobaki ilikonda, nayo ililetwa sokoni kwa wingi kwa siku zile zile, hata ikawa haina bei.

Chukua mfano. Mfugaji ana mbuzi ishirini. Katika mwaka mwema anauza mbuzi mmoja na kupata madebe manne ya mahindi, ambayo jamaa yake wataila kwa siku nyingi kuliko nyama ya mbuzi yule. Ukame ukija, mbuzi kumi wanakufa. Watu husema kwamba amepoteza nusu ya mali yake. Lakini kama mbuzi aliyebaki sasa hununua debe moja tu, basi amepoteza zaidi. Zamani kundi lake lilikuwa na thamani ya madebe themanini; leo ni madebe kumi. Jua limemnyang'anya nusu, na soko limemnyang'anya sehemu kubwa ya nusu iliyobaki. Tena hana maziwa ya kumsaidia kungojea, basi anauza mbuzi jike ambao wangemzalia mwaka ujao. Hapo ndipo njaa ya mwaka mmoja inapogeuka kuwa umaskini wa miaka kumi.

Ikiwa ugonjwa ni huo, dawa yake ni ipi? Kupeleka chakula ni jambo jema na mara nyingine ni lazima, hasa pale soko lilipokufa kabisa. Lakini magunia huchukua muda mrefu kufika, na mara nyingi hufika watu wakiwa wamekwisha kuuza ng'ombe, jembe, na mabati ya nyumba. Njia nyingine ni kumrudishia mtu uwezo wake wa kununua kabla hajaviuza vitu hivyo. Katika jimbo la Maharashtra, Bara Hindi, ukame mkali wa mwaka 1972 na 1973 uliharibu mazao kwa kiasi cha kutisha. Serikali ilifungua kazi za barabara, mabwawa na visima, ikalipa ujira wa fedha. Kazi zilipozidi kuwa nyingi watu wapatao milioni 5 walikuwa wakiajiriwa. Fedha zilipokuwa mikononi mwa watu, wafanya biashara waliona faida ya kuleta nafaka, wakaileta. Jimbo lile lilikuwa na chakula kidogo kweli kweli, lakini halikupatwa na maangamizi kama yale ya Bengal.

Yafaa isemwe pia kwamba fedha si dawa ya kila mahali. Kama barabara zimefungwa na vita, au wenye maduka ni wawili tu nao wamepatana juu ya bei, fedha zikimwagwa hapo bei itaruka, na maskini asiyepewa ataumia zaidi. Ndiyo maana kazi ya mtaalamu si kukaa ofisini na kuandika barua. Yampasa kwenda sokoni, kujua mahindi hutoka wapi, lori hulipwa kiasi gani, na nani anamdai nani, kisha ndipo atoe shauri.

Bwana Sen alitazama pia kazi ya magazeti. Mwaka 1943 wakuu wa serikali hawakupenda hata neno lenyewe la njaa litajwe. Mhariri wa gazeti la The Statesman la Calcutta, Mwingereza aitwaye Ian Stephens, aliamua kuchapisha picha za watu waliokuwa wakifa barabarani, na picha hizo zilitoka tarehe 22 Agosti 1943. Habari zikafika London, na maneno ya kufichaficha yakakosa mahali pa kusimama. Mwezi wa Oktoba mtawala mpya, Lord Wavell, alifika Bengal na kuagiza jeshi lisaidie kugawa chakula. Kwa habari hiyo na nyingine nyingi, Bwana Sen amefundisha kwamba njaa kubwa ya kuua watu haitokei katika nchi iliyo huru, yenye uchaguzi wa kweli na magazeti yasiyofungwa midomo. Anataja Uchina, ambako kati ya mwaka 1958 na 1961 mamilioni ya watu walikufa, na wakuu wa wilaya waliandika hesabu za uongo za mavuno kwa sababu ya hofu. Mwenye shibe hamjui mwenye njaa. Lazima awepo wa kumwambia, na lazima msemaji huyo asiogope.

Wako wataalamu waliompinga. Wengine wamesema kwamba hesabu za mavuno ya Bengal hazikuwa za kuaminika, na kwamba ugonjwa wa mpunga uliharibu mazao kuliko zilivyoonyesha karatasi za serikali. Mabishano hayo ni ya haki, maana elimu hukua kwa kupimwa. Lakini Bwana Sen hakufundisha kwamba upungufu wa chakula hauna maana. Na hata kama mchele ulipungua zaidi, bado lile swali la kwanza linabaki: kwa nini wafe hawa na wasife wale? Mwaka 1998 alipewa Tuzo ya Nobel ya elimu ya uchumi.

Kenya nayo ina ushuhuda wake. Mwaka 1984 mvua za masika zilikosekana kabisa katika sehemu nyingi. Serikali haikungoja ghala ziwe tupu. Iliagiza mahindi kutoka nje mapema, na watu wa umri huo hawajasahau ugali wa mahindi ya njano. Jamaa nyingi za vijijini zilisaidiwa pia na mishahara ya ndugu zao wa mjini, iliyowapa fedha za kununulia mahindi hayo. Lakini wafugaji wa kaskazini, wasio na ndugu wengi wenye mishahara, waliumia sana. Tofauti hiyo ndiyo iliyofanya mipango ya baadaye iwatazame wao hasa. Tangu mwaka 2009 mpango wa fedha za kujikimu ulianza kulipa jamaa maskini wa Turkana, Marsabit, Wajir na Mandera kila baada ya miezi miwili, ili mtu asilazimike kuuza mbuzi wake wa mwisho. Na njaa ilipotangazwa kusini mwa Somalia mwezi wa Julai 2011, mahali ambapo malori ya chakula hayakuweza kupita, mashirika yalituma fedha kwa njia ya hawala za wafanya biashara wa Kisomali, na wengi wakapata kula kwa njia hiyo, ingawa msaada ulichelewa na maelfu kwa maelfu walikuwa wamekwisha kufa.

Usipoziba ufa utajenga ukuta. Ufa wa njaa huonekana mapema kwa mtu ajuaye pa kutazama. Chifu, mwalimu, au mwenye duka anaweza kuandika kila siku ya mnada mambo matatu: bei ya mbuzi, bei ya debe la mahindi, na ujira wa kibarua kwa siku moja. Mbuzi akianza kununua mahindi machache mwezi baada ya mwezi, au ujira wa siku usipotosha chakula cha siku, basi hatari imekwisha kuingia, hata kama maduka yamejaa na majani bado ni mabichi. Habari hiyo ifikishwe kwa wakuu wakati huo, kabla watu hawajaanza kuuza mifugo inayozaa.