MIKONO YA MAMA
Mishumaa ya Jeli kwa Pasaka na Siku za Furaha

Masika yamekwisha kuanza kwetu Kilosa. Mto Mkondoa umejaa, udongo wa mashambani umelainika, na maua yanachanua hata pale ambapo hakuna aliyeyapanda. Wenzetu wa nchi za baridi wana majira ya kuchipua; sisi tuna masika, na Pasaka hutujia humo humo. Kwa hiyo mwezi huu tumeona tuzungumze juu ya mishumaa ya mapambo, ile ya jeli iangazayo ndani ya bilauri kama maji yaliyowashwa moto.

Wengi mmeiona harusini, kwenye meza ya maharusi, au katika sherehe ya kipaimara. Mmetuuliza mara nyingi namna ya kuitengeneza. Tumechelewa kuwajibu, nasi tutawaeleza sababu yake kwanza.

Kikundi chetu cha akina mama kina wanachama wa Kilosa mjini na wa Mikumi. Tulipoanza kazi ya mishumaa tulikuwa na furaha kuliko maarifa. Siku moja tulikutana Mikumi, nyumbani kwa mmoja wetu. Sufuria ilikuwa juu ya jiko la mkaa, jiko likiwa chini sakafuni, na mpini wa sufuria umeelekea mlangoni. Mtoto wake wa miaka mitatu aliingia akikimbia kumfuata mama yake. Nta ikamwagika mkononi mwake.

Kwa hofu, mama alichukua dawa ya meno akampaka. Mwingine akasema lete yai. Wakati huo wawili kati yetu ni wauguzi, tulikuwa nje tukikata tambi. Tulipofika dakika za thamani zilikuwa zimepita. Mtoto alipona, lakini kovu analo mpaka leo. Kikundi kiliacha mishumaa karibu mwaka mzima. Tulioneana haya, kila mmoja akijiuliza kwa nini hakusogeza ule mpini.

Aliyeturudisha kazini ni mama yule yule. Alisimama kikaoni akasema: "Jamani, mimi nina ada ya kulipa na watoto wa kulisha. Msinifundishe kuogopa mshumaa. Nifundisheni kuutengeneza sawasawa." Basi somo la leo tunalitoa kwa jinsi alivyotuomba yeye: usalama kwanza, urembo baadaye.

JELI NI KITU GANI?

Jeli ya mishumaa ilianza kuuzwa huko Marekani katika miaka ya 1990. Sehemu yake kubwa ni mafuta meupe ya madini, jamaa ya yale tunayowapaka watoto, yaliyogandishwa kwa unga maalumu wa jamii ya plastiki. Siyo jeli ya nywele, siyo gelatini ya jikoni, wala siyo mafuta ya mgando. Tunasema hivi kwa sababu tumewaona akina mama wakijaribu vyote vitatu. Jeli ya nywele na gelatini vina maji ndani yake, na maji hayakai pamoja na moto wa mshumaa. Mafuta ya mgando hulainika ovyo na kutoa moshi. Nunua jeli iliyoandikwa kwamba ni ya mishumaa. Kwa kawaida hupatikana katika miji mikubwa, kwa wauzao vifaa vya mishumaa na sabuni. Anayekwenda Dar es Salaam aagizwe na wenzake, nauli igawanywe.

MAHITAJI

Jeli ya mishumaa kilo 1. Hutosha bilauri kama sita za kawaida, zile za mililita 200.
Bilauri sita nene, pana, zisizo na ufa.
Tambi nene za pamba zenye kikalio cha bati.
Mchanga safi, mawe madogo, kauri au vipande vya kioo kwa mapambo.
Rangi ya mishumaa, ile iyeyukayo katika mafuta.
Sufuria nzito yenye mfuniko wake, mwiko wa chuma, kipimajoto cha jikoni, na vijiti vya mshikaki.
Ndoo ya mchanga mkavu na ndoo ya maji safi. Hizi mbili si za mapambo. Kazi yake tutaieleza.

NAMNA YA KUTENGENEZA

1. Andaa mahali. Meza iwe imara, jiko liwe juu na si sakafuni, mpini wa sufuria ugeukie ukutani. Watoto wawe na mtu wa kuwaangalia, naye asiwe ninyi mnaopika. Funga nywele, na kanga usiiache ikining'inia.

2. Osha mchanga mpaka maji yawe meupe, kisha ukaange katika sufuria kavu mpaka unyevu wote uishe. Sisi hutumia mchanga wa Mkondoa. Mawe na kauri pia vikauke kabisa, kwa maana tone moja la maji likikutana na jeli ya moto hurusha matone yachomayo.

3. Tia mchanga kidogo chini ya bilauri, upana wa kidole. Simamisha utambi katikati, kikalio kizame mchangani, na juu uufunge kwenye kijiti kilicholazwa mdomoni mwa bilauri. Panga mawe na kauri kandokando karibu na kioo. Viwe mbali na utambi angalau upana wa kidole kimoja.

4. Kata jeli vipande vidogo utie sufuriani. Washa moto mdogo. Nta ya kawaida huyeyushwa katika sufuria iliyokaa ndani ya maji yanayochemka, lakini jeli huhitaji joto la karibu nyuzi 90 hadi 100, hivyo kwa njia ya maji hukawia sana na pengine isiyeyuke yote. Ndiyo sababu hatuipiki bila kipimajoto, na ndiyo sababu tunapendelea jiko la gesi ambalo moto wake hupunguzwa mara moja. Usiache ipite nyuzi 110. Ikianza kutoa moshi, umekwisha kuchelewa: zima moto, funika, ngoja ipoe. Na usitoke kwenda kumjibu anayebisha hodi. Mwambie asubiri.

5. Tia rangi kidogo sana, kama ncha ya kisu. Jeli ikizidi rangi hupoteza ule uangavu wake. Koroga polepole, kwa maana ukikoroga kwa haraka unaingiza mapovu.

6. Pasha bilauri moto kidogo kwa kuziweka mahali penye joto, zisije zikapasuka. Mimina jeli polepole ukiinamisha bilauri. Acha nafasi ya vidole viwili juu. Mapovu machache yakibaki yasikusumbue. Wengine huyapenda, wakisema yanafanana na soda.

7. Acha zipoe zenyewe bila kuguswa mpaka kesho yake. Kata utambi ubaki milimita 6 tu, yaani robo inchi. Utambi mrefu hufanya mwali mkubwa, na mwali mkubwa hupasua kioo.

YASIYOFAA KUTIWA NDANI

Hapa tuna ushuhuda wetu mwingine. Baada ya kurudi kazini tulipendezwa na maua ya waridi yaliyokaushwa. Tukayazamisha ndani ya jeli, yakawa mazuri mno. Usiku ule tulipoujaribu mmoja nyumbani, mwali uliposhuka ukakuta petali, nayo ikawaka kama utambi wa pili. Bilauri ikapasuka mezani. Tulishukuru kwamba tuliujaribu sisi kabla ya kumuuzia mtu.

Tangu hapo kanuni yetu ni moja: kisichoungua ndicho kiingiacho. Mawe, mchanga, kauri na kioo vinafaa. Maua makavu, mbegu, majani, karatasi, utepe, vijiti na shanga za plastiki havifai. Ukitaka maua, yafunge nje kwenye kitako cha bilauri wakati wa kupamba meza, kisha yaondoe kabla ya kuwasha. Manukato nayo usiyatie ovyo. Mafuta yasiyotengenezwa kwa ajili ya jeli hujitenga, na yaliyojitenga huweza kushika moto ghafla.

MOTO UKITOKEA

Jeli au nta ikiwaka sufuriani, usimwagie maji kamwe. Maji huzama chini ya mafuta, huchemka ghafla, na kuurusha moto mpaka darini. Zima jiko, funika sufuria kwa mfuniko wake, uiache hapo hapo mpaka ipoe. Usiibebe kwenda nayo nje. Moto ulioanguka sakafuni umwagie mchanga mkavu. Hiyo ndiyo kazi ya ndoo ya kwanza.

Ndoo ya pili ni ya aliyeungua. Akina mama, hili mlishike hata kama hamtatengeneza mshumaa maishani, kwa kuwa uji na chai vinaunguza watoto wengi majumbani mwetu. Mtu akiungua, mmwagie maji safi ya kawaida yanayotiririka kwa dakika 20. Kama hakuna bomba, chota kwa kopo umimine polepole bila kuacha. Mtoto mdogo mpoze pale palipoungua tu, na mwili mwingine ufunike asipatwe na baridi. Vua bangili, pete na nguo zisizoganda mwilini. Nta au jeli iliyoganda juu ya ngozi usiibandue. Hutoka na ngozi. Kisha funika kidonda kwa kitambaa safi kisichoacha nyuzi, umpeleke kituo cha afya. Mtoto aliyeungua apelekwe hata kama jeraha linaonekana dogo, na kila aliyeungua usoni, mikononi au sehemu za siri. Malengelenge usiyatumbue.

Dawa ya meno, yai, samli, unga, asali na barafu tuviache. Yule mama wa Mikumi hakukosa upendo alipopaka dawa ya meno, alikosa kuambiwa. Sasa ninyi mmeambiwa, mkawaambie wengine.

KAMA JELI HAIPATIKANI

Usivunjike moyo. Bilauri ile ile hupendeza kwa nta ya nyuki. Masega yaliyokwisha kukamuliwa asali wengi huyatupa. Yachemshe katika maji kwa moto mdogo, chuja kwa kitambaa, uache maji yapoe. Nta hugandia juu. Huyeyuka kwa nyuzi 62 hadi 64, kwa hiyo hii unaweza kuiyeyusha kwa njia ya maji bila wasiwasi mwingi. Haiangazi kama jeli, lakini rangi yake ya dhahabu na harufu yake ya asali ni pambo tosha.

KUUZA NA KUTUMIA

Mama anayetaka kuuza ahesabu sawasawa. Tuseme bilauri sita zimekugharimu shilingi 30,000, ukijumlisha jeli, tambi, bilauri, gesi na nauli. Kila moja imekula 5,000. Ukiuza kwa 5,000 umefanya kazi ya bure, na muda wako una thamani mbele za Mungu na mbele za watoto wako. Andika daftari. Ofisi za SIDO mikoani, shirika lililoanzishwa mwaka 1973, husaidia wenye viwanda vidogo kwa mafunzo na ushauri, nenda ukaulize. Na kwa kuwa mifuko ya plastiki ilipigwa marufuku Juni 2019, funga bidhaa yako kwa karatasi ya kaki na kipande cha kitenge. Hupendeza zaidi.

Kila mshumaa tunaouuza una kijikaratasi chenye maneno haya: Uweke juu ya sahani, mahali pasipo upepo, mbali na pazia na watoto. Usiuwashe zaidi ya saa 3 mfululizo. Jeli ikibaki upana wa kidole, acha kuutumia. Usilale ukiwaka. Siku hizi umeme umefika vijiji vingi na taa za jua zipo, hivyo mshumaa ni wa furaha. Wala haifai kumwachia mtoto ajisomee nao usiku.

Mkesha wa Pasaka uliopita, mishumaa yetu kumi na miwili ilipamba meza ya chakula cha pamoja baada ya ibada. Yule mama alikuja na mwanawe, ambaye sasa anasoma shule ya msingi. Mtoto aliutazama mwali kwa muda mrefu akiwa ameweka mikono nyuma, kama alivyofundishwa. Kisha akamuuliza mama yake, "Huu ni wa kwako?" Mama akajibu, "Ni wa kwangu, mwanangu. Nilijifunza." Sisi tuliosimama karibu tulinyamaza, maana hatukuwa na la kuongeza.

Mwezi ujao tutashona vitambaa vya meza kwa mabaki ya vitenge. Wekeni akiba ya vipande. Tunawatakia Pasaka njema, ninyi na nyumba zenu.