Zizi la Mkulima na Mpaka wa Hifadhi

Leo twataka kusema juu ya zizi. Wako watakaocheka wakisema gazeti la chama limeishiwa na habari kubwa za dunia hata likaandika juu ya samadi ya ng'ombe. Wacheke. Wenye vibanja wa Bukoba na Muleba hawatacheka.

Mtu ana kibanja chake kijijini, karibu na mpaka wa hifadhi. Katikati ya migomba pana nyumba. Nyuma ya nyumba pana zizi la ng'ombe wawili, banda la mbuzi, na kibanda cha kuwekea kahawa ya maganda mpaka siku ya kuipeleka Chama cha Msingi. Anakuja mtu mwenye kopo la rangi, anachora X nyekundu juu ya nguzo ya zizi, kisha anapanda pikipiki na kwenda zake. Nyumba haikuchorwa. Barua haikuachwa. Mpaka haukuonyeshwa. Mwenye zizi anabaki na maswali mawili: nimekosa nini, na ni nani atakayenijibu?

Kabla ya kujibu, yafaa tueleze zizi ni kitu gani katika nchi hii, maana wengine wanaokata maamuzi hawakuzaliwa migombani.

Asiyeijua nchi yetu hupita barabarani akaona kijani kila upande, akadhani udongo wa Bukoba na Muleba ni tajiri. Amekosea. Mvua ya upande wa Ziwa ni nyingi mno, nayo imeosha rutuba ya udongo kwa karne na karne. Toka nje ya kibanja hatua chache uingie rweya, utaona nyasi na mawe, na udongo ambao ukiulima utakupa njugu mawe kidogo, kisha huna budi kuuacha upumzike. Kibanja kimefanywa kibanja kwa mikono ya watu: samadi ya zizini, nyasi za rweya zilizotandazwa chini ya migomba, majani na maganda yaliyorudishwa shambani, mwaka baada ya mwaka, babu na mwana na mjukuu. Wazee walilala na ng'ombe wao ndani ya msonge mmoja, wala si kwa kukosa akili ya kujenga banda. Ng'ombe alilisha mgomba, mgomba ukalisha nyumba. Sotoka ilipofagia ng'ombe wa Afrika Mashariki katika miaka ya 1890, vibanja navyo viliona njaa. Na mnyauko ulipoingia Muleba mwaka 2006, watu wakang'oa migomba ya babu zao na kupanda upya, waliowahi kusimama ni wale wenye kitu cha kutia shimoni.

Basi mtu akiambiwa "nyumba ibaki, zizi liondoke", na aelewe alichoambiwa. Zizi likihamishwa maili mbili, samadi nayo imehama maili mbili. Nani ataibeba kichwani kila wiki kuirudisha kibanjani? Sote twajua jibu: mama wa nyumba. Na mama akichoka, baada ya miaka michache migomba itakuwa myembamba kama mabua, mibuni nayo itazaa punje za kuhesabu. Hapo hakuna aliyebomoa nyumba ya mtu, lakini nyumba imekwisha.

Hatusemi haya ili kutukana hifadhi. Wako watu wanaodhani kuipenda nchi ni kuchukia kila mti wenye namba. Misitu na mabonde ndiyo yanayotupa maji. Ziwa Burigi, Ziwa Ikimba na mto Ngono havikuumbwa kwa ajili ya kizazi kimoja. Mwenye kukata kichaka cha chemchemi leo atachota tope kesho, awe mwanachama wetu au asiwe. Ugomvi wetu ni juu ya namna ya kuamua.

Waliotutangulia waliyaona haya. Kwa Sheria ya Ardhi ya mwaka 1923, serikali ya kikoloni iliitangaza ardhi ya Tanganyika kuwa ya umma chini ya mamlaka ya Gavana. Mwenye kibanja akageuka mgeni ndani ya migomba yake bila ya kuhama. Kwetu kulikuwa na nyarubanja pia, ambamo mtwarwa alitunza kibanja kwa jasho lake huku bwana wake akihesabu kuwa ni chake. Jambo hilo halikupata dawa ya sheria mpaka mwaka 1965, nchi ilipokwisha kuwa huru.

Kisha Kamachumu, mwaka 1953. Serikali ya Mwingereza ilileta amri juu ya fukusi wa migomba. Wakaguzi wakaingia vibanjani, wakatazama, wakaamuru. Watu walikusanyika Kamachumu kusema hapana, wakatawanywa kwa mabomu ya machozi, na Ali Migeyo akatiwa jela. Wengi wetu hulitaja jambo hili kwa fahari, na ni haki. Lakini tusisahau upande wa pili: fukusi alikuwapo kweli. Alikuwa akila migomba ya wale wale waliokuwa wakimpinga mkaguzi. Wazee wa Kamachumu hawakuwa wakimtetea mdudu. Walikataa mtu kuingia kibanjani mwao na kuamua juu ya mgomba wao bila ya kukaa nao chini. Ofisa yeyote wa leo, Mwafrika mwenzetu aliyeapa chini ya bendera yetu wenyewe, akitaka kujua kwa nini watu humtazama kwa jicho la pembeni hata anapokuwa na haki, aanzie hapo.

Twende kwenye mambo ya karibuni. Mwaka 2019 mapori ya akiba ya Biharamulo, Burigi na Kimisi yaliunganishwa kuwa Hifadhi ya Taifa ya Burigi-Chato, yenye kilometa za mraba 4,707, nayo ikazinduliwa mwezi Julai mwaka ule ule. Upande wa magharibi wa Muleba umepakana nayo. Ndani ya hifadhi ya taifa hakuna kulima, hakuna kuchunga, hakuna zizi. Hilo li wazi na hatuna la kubishana. Lakini mwaka huo huo, mwezi Januari, Rais Magufuli alikuwa amesimamisha kuondolewa kwa vijiji vilivyomo maeneo ya hifadhi nchini, akaunda kamati ya mawaziri wanane. Baada ya kazi ya kamati hiyo, Serikali ikatangaza kwamba vijiji 920 kati ya 975 vyenye migogoro ya namna hiyo vibaki, na mawaziri wakazunguka mikoani kueleza.

Watu walishangilia, na walikuwa na sababu. Lakini kubaki kwa kijiji hakuna maana kwamba kila banda limebaki. Tangazo la Dar es Salaam au Dodoma husema jina la kijiji. Halisemi zizi la fulani liko upande gani wa jiwe la mpaka. Hilo huamuliwa chini, katika mpango wa matumizi ya ardhi ya kijiji: hapa makazi, hapa kilimo, hapa malisho, hapa pa kuacha kwa ajili ya maji na miti. Ndipo mkulima hushinda au hushindwa, naye mara nyingi hayupo, yuko kwenye kahawa.

Sheria haikumsahau. Sheria ya Ardhi ya Vijiji, Namba 5 ya mwaka 1999, na Sheria ya Mipango ya Matumizi ya Ardhi ya mwaka 2007, zinasema mpango wa kijiji huandaliwa na halmashauri ya kijiji na kupitishwa na mkutano mkuu wa kijiji. Na mkutano mkuu ni kila mkazi aliyetimiza miaka 18, mwanamke kwa mwanamume. Tena ardhi ya kijiji ikitakiwa kufanywa hifadhi, taarifa hutangazwa katika Gazeti la Serikali, wanakijiji huelezwa, na fidia hukubaliwa kwanza. Katika fidia hiyo majengo yanahesabiwa, na mazao ya kudumu yanahesabiwa. Zizi ni jengo. Kibanda cha kahawa ni jengo. Mthamini akija akaandika "nyumba moja" na kufunga daftari, mwenye mali amwambie kwa adabu alifungue tena.

Upande wa Ziwa Viktoria, toka Bukoba mpaka Kemondo na kushuka Muleba, shida ni ya namna nyingine. Huko ni mita 60. Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004 imekataza, ndani ya mita 60 kutoka ukingo wa ziwa au mto, shughuli za kudumu au zile ziwezazo kudhuru mazingira. Zizi ambalo mkojo wake wamwagika ziwani ni dhara. Nasi hatuwezi kulitetea, kwa kuwa maji hayo hayo ndiyo wanayokunywa watoto wetu. Lakini mita 60 zapimwa kutoka wapi? Ziwa lenyewe hupanda na kushuka. Mwaka 2020 lilipanda hata likameza magati na nyumba za watu pwani yake yote. Mwenye zizi aliyekuwa mbali jana aweza kuamka leo yumo ndani ya mita 60 naye hakusogea hata hatua moja. Mtu wa namna hii si mvunja sheria. Aonyeshwe alama, apewe muda mpaka kahawa ivunwe na kuuzwa, apewe na mahali pa kusogezea zizi ndani ya kibanja chake mwenyewe kama nafasi ipo.

Lipo na jambo jingine linalotuudhi, nasi tutalisema. Rweya ilikuwa ya wote: ya kukata nyasi, ya kuchunga, ya kulima njugu. Siku hizi vipande vikubwa vya rweya vinaota misonobari na mikaratusi ya watu wenye uwezo, na wengine wao hata hawakai kijijini. Nyasi za kutandaza zinapungua, malisho yanapungua, kisha mwenye mbuzi watatu anaambiwa ameingia mahali pasipomhusu. Alifanya nini? Alifuata nyasi zilizobaki. Kamati ya ardhi inayompima mtu huyo kwa futi na inchi ianze kwanza kupima mashamba ya miti, iulize yalitolewa na mkutano upi na muhtasari wake uko wapi.

Sasa tuseme na watu wetu wenyewe, maana gazeti lisemalo na ofisa tu lina woga. Wako miongoni mwetu wanaosikia habari za kupimwa mpaka, usiku huo huo wanasimika nguzo nne na bati moja ndani ya msitu, kusudi wapate kuhesabiwa. Wako wanaokodisha zizi kwa ng'ombe mia wa tajiri wa mbali, wakija kuulizwa wanasema ni mifugo ya ukoo. Na wako wanasiasa, wa kila rangi, wanaopita wakati wa kura wakisema "jengeni, hakuna wa kuwagusa". Siku ya kuguswa hawaonekani. Watu wa namna hii humwibia yule mwenye zizi la haki, kwa sababu ofisa akishadanganywa mara tatu, mara ya nne haulizi, anachora tu.

Na nguvu bila kuuliza twaijua ilipotufikisha. Operesheni Tokomeza ya mwaka 2013 ilikusudiwa kuwakamata majangili wa tembo, na hakuna Mtanzania mwema aliyewaonea huruma majangili. Lakini Bunge liliposikia yaliyowapata wananchi, na nyumba zilizochomwa na ng'ombe waliouawa, operesheni ilisimamishwa na mawaziri wanne wakaacha viti vyao. Mmoja wao alikuwa Waziri wa Maliasili, naye alikuwa Mbunge wa Bukoba Mjini.

Maoni yetu basi ni haya. Zizi, banda au ghala lililokuwapo ndani ya ardhi ya kijiji kabla ya mpaka kuwekwa, na ambalo latumikia kibanja chenye watu, libaki, na liandikwe katika mpango wa kijiji kuwa limebaki. Lililo ndani ya hifadhi ya taifa liondoke, lakini kwa taarifa ya maandishi na kwa muda wa kutosha, pasipo kuchoma na pasipo kupiga. Lililo katikati, ambapo ramani yasema hivi na jiwe lasema vile, lisiguswe na mtu yeyote mpaka mpimaji, halmashauri ya kijiji na mwenye zizi wamesimama pamoja pale pale juu ya mstari.

Mkutano mkuu wa kijiji, kwa sheria, hukutana kila miezi mitatu. Wanachama wetu wa matawi ya Bukoba Vijijini na Muleba waende, na wake zao waende, maana wao ndio wanaojua samadi hupita njia gani. Waulize mambo matatu kwa sauti: cheti cha ardhi ya kijiji kiko ofisini au hakipo? Mpango wa matumizi ya ardhi ulipitishwa lini, na mkutano gani? Mawe ya mpaka ni mangapi, na nani atatupeleka kuyaona? Na mwandishi wa mkutano asiachwe afunge kitabu mpaka maswali hayo na majibu yake yameandikwa humo, pamoja na tarehe.