Gari jeusi na utando wa buibui

Jioni moja jua likielekea kutua, lisimamishe gari lako jeusi au la buluu iliyokoza mahali palipo wazi, kisha uinamie boneti. Je, unaona mistari myembamba iliyouzunguka mwangaza wa jua kama utando wa buibui? Ukisogeza kichwa, utando nao unakufuata. Usidhani huo ni uzee wa gari. Mara nyingi ni kazi ya mkono wako, au ya kijana anayekuoshea kila Jumamosi.

Nayasema haya kwa uchungu. Miaka kadhaa iliyopita nilinunua gari la mtumba la buluu, rangi yake ingali inang'aa kama kioo. Asubuhi moja nilimkuta mwanangu, aliyekuwa nyumbani kwa likizo, ameliosha kwa sabuni ya unga na sponji ngumu ya kusugulia sufuria. "Baba, limetakata!" akaniambia kwa furaha. Sikuwa na moyo wa kumkemea.

Kosa kubwa zaidi lilikuwa langu. Kwa haraka nililipeleka kwa jamaa mmoja mwenye mashine ya kung'arisha. Aliliwasha dude lake, akasugua mahali pamoja kwa nguvu, na ukingo wa boneti ukabaki na baka lililofifia ambalo halikutoka tena. Siku ya kuliuza, mnunuzi alilitia kidole baka hilo, akapunguza bei.

Ni nini kilichotokea? Magari mengi ya kisasa hupakwa rangi kwa tabaka. Juu ya rangi yenyewe huwa kuna tabaka jingine lisilo na rangi, wazi kama kioo, na unene wake mara nyingi ni milimita 0.04 hadi 0.05 tu. Hata unywele wako waweza kuwa mnene zaidi. Mikwaruzo hii midogo imo katika tabaka hilo. Kwa hakika imekwenda kila upande, lakini jua hung'arisha ile tu iliyolikingama, ndiyo maana unaona duara. Gari jeupe nalo huwa nayo, ila weupe huificha.

Sasa shika neno hili: kuondoa mkwaruzo ni kuliparua tabaka hilo kidogo hadi lilingane na kina cha mkwaruzo. Ulichokiparua hakirudi. Kwa hivyo kila unapong'arisha unatumia akiba ya gari lako.

Kabla ya kuanza, pitisha ukucha polepole juu ya mkwaruzo. Ukikwama, mkwaruzo umezama mno, mwachie fundi wa rangi. Usipokwama, paloweshe maji. Mkwaruzo ukipotea kwa muda, ni wa juu juu na kazi unaiweza.

Kwanza, lioshe gari na kulikausha kabisa, kisha uliweke kivulini hadi bodi ipoe. Chembe moja ya mchanga ikisalia, utakuwa unakwaruza badala ya kung'arisha.

Pili, bandika utepe wa karatasi wa mafundi wa rangi kwenye kingo, vishikio na plastiki. Kwenye kingo rangi huwa nyembamba zaidi, na hapo ndipo boneti langu lilipoungulia.

Tatu, nunua polishi laini kabisa, si ile yenye kukwaruza. Tia matone machache kwenye sponji laini, ujaribu eneo dogo la nusu mita kwa nusu mita. Sugua kwa mkono usiokandamiza, kwenda na kurudi, kisha uvuke kwa upande wa pili. Pangusa kwa kitambaa laini na umulike kwa tochi. Laini ikishindwa, ndipo upande daraja moja.

Ukipata mashine, chagua ile inayozunguka huku ikiyumba, maana haipandishi joto upesi. Ile ya kuzunguka tu ina nguvu nyingi na haimfai mwanafunzi. Yoyote utakayotumia, isitulie mahali pamoja.

Nne, jua pa kuachia. Ikiwa mistari mingi imetoweka na michache imebaki, shukuru ukomee hapo. Malizia kwa nta ya gari. Nta huilinda rangi, lakini haiponyi mkwaruzo. Anayekupaka nta na kukuambia mikwaruzo imekwisha, ameificha tu, nayo itarejea nta ikishatoka.

Lakini kazi yote hii ni bure usipobadili namna ya kuosha. Papo kwa papo kamba hukata jiwe, na kitambaa chenye mchanga hukata rangi. Mwagia gari maji kwanza ili vumbi litiririke. Weka ndoo mbili, moja ya shampuu ya gari na nyingine ya maji matupu ya kusuuzia sponji kila mara kabla ya kuirudisha kwenye povu. Anzia kwenye paa ushuke chini, na magurudumu yawe na kitambaa chao. Kitambaa kilichoanguka chini kisiguse bodi tena.

Najua katika mitaa yetu mingi maji ni ya mgao. Siku ambayo bomba limekauka, liache gari na vumbi lake jekundu. Vumbi lililotulia halidhuru. Kinachodhuru ni lile unalolipangusa likiwa kavu ili upate kupendeza mbele ya majirani.

Mwanangu sasa ni mtu mzima mwenye gari lake jeusi. Juzi nilimkuta ameinama kati ya ndoo mbili, akisuuza sponji bila haraka. Nilizunguka boneti lake nikitafuta buibui, nisimwone. Nawe lichunguze lako jioni ya leo.

Hadi Jumapili ijayo, safari njema.