Nilikwenda Kitisuru kutafuta hip hop, nikakuta Kingi na Scotchi

Juma lililopita dada yangu aishiye Kitisuru, magharibi mwa jiji la Nairobi, alinipigia simu hapa Mombasa akiwa na malalamiko. Mwanawe wa kiume, kijana wa miaka kumi na sita, amekuwa haonekani. Hazururi mitaani, la hasha. Yumo chumbani mwake, lakini chumbani humo ameingia ulimwengu mwingine kwa njia ya kompyuta, na kila arudipo kutoka skuli huzama humo mpaka usiku.

"Njoo unitazamie, kaka," aliniambia. "Yeye asema humo mna utamaduni, mna hip hop. Mimi naona majitu ya kijani tu. Ukiniambia nimkatie, nitamkatia."

Basi nikafunga safari. Kutoka katikati ya mji wa Nairobi nilipanda matatu iliyochorwa ubavuni sura za waimbaji wa Kimarekani, muziki ukivuma hata vioo vikitetemeka. Tukapita Westlands, tukashika barabara ya Lower Kabete, na kadiri tulivyokaribia Kitisuru ndivyo nyumba zilivyozidi kujificha nyuma ya kuta na miti. Mtu aliyezoea vichochoro vya Mji wa Kale, Mombasa, ambako baraza ya huyu hutazamana na baraza ya yule, atashangaa. Huku hamna baraza. Mlango ni lango la chuma, na jirani humjui ila kwa mlio wa gari lake. Niliposhuka nilikuwa nikijiuliza: kijana wa mtaa kama huu atakutana wapi na wenziwe?

NGUZO NNE

Kabla ya kuhukumu, yafaa tujue tunachokitafuta. Hip hop si muziki peke yake. Ilizaliwa Bronx, katika jiji la New York, na wengi huihesabu tangu tarehe 11 Agosti 1973, siku ambayo Clive Campbell, kijana mzaliwa wa Jamaica ajulikanaye kwa jina la Kool Herc, alichezesha santuri katika karamu ya dada yake kwenye jengo nambari 1520 la Sedgwick Avenue. Wenyewe huitajia nguzo nne: mchezesha santuri, mfokaji wa mashairi, mcheza ngoma na mchoraji wa kuta. Wengi walioziinua nguzo hizo walikuwa vijana wasio na kitu, na haja yao ilikuwa moja, nayo ni kwamba asiyejulikana apate jina mbele ya wenziwe.

Ndivyo ilivyokuwa hapa kwetu pia. Nairobi ilisikika kupitia Kalamashaka, vijana wa Dandora, mtaa ulioko upande wa pili kabisa wa jiji ukitoka Kitisuru, nao walifoka kwa Kiswahili na Sheng mwishoni mwa miaka ya 1990. Mombasa nayo ikatoa Ukoo Flani, na baadaye pande hizo mbili zikaungana chini ya jina la Ukoo Flani Mau Mau. Hao walikuwa na ukuta wa kuchora na kona ya kusimama. Mpwa wangu ana ukuta, lakini una seng'enge juu.

Mchezo wenyewe waitwa World of Warcraft. Ulitolewa Novemba 2004 na kampuni ya Blizzard ya California, na kufikia mwaka 2010 ulikuwa na wachezaji milioni 12 wenye kulipia. Wachezaji hao huingia katika nchi ya kubuni yenye milima, ngome, mazimwi na wachawi, kila mmoja akiwa katika umbo alilojichagulia. Mpwa wangu amejichagulia kuwa orki, yaani jitu la kijani lenye meno yaliyotokeza na shoka mgongoni.

Kijana alinipokea kwa adabu, akanibusu mkono, akanivutia kiti. "Tazama, mjomba," akasema. Akaandika neno moja tu, na lile jitu likaanza kucheza. Likateleza upande hata upande kwa miguu ya haraka, magoti yamepanuka, mikono ikienda mbele na nyuma.

Nilisimama bila ya kutaka. Ngoma ile naijua! Ni ya MC Hammer, mwimbaji wa Oakland, aliyevuma duniani mwaka 1990 kwa wimbo wake "U Can't Touch This". Mimi nilikuwa kijana wakati huo, na tulikwenda kwa mafundi cherehani wetu kuwasumbua watushonee suruali pana kama zake.

"Nani aliwafundisha orki ngoma hii?" nikamwuliza.

"Hakuna, mjomba. Orki wanaume wote hucheza hivi. Ndivyo walivyo."

KINGI NA SCOTCHI

Jibu hilo lilinikaa moyoni, nami nitalirudia. Kwanza nilitaka kuziona nguzo nyingine tatu. Nikamwomba anipeleke mjini mwao nikautafute ukuta wenye jina la kijana yeyote. Haukuwapo. Katika nchi ile mchezaji hawezi kuandika jina lake ukutani, kwa kuwa kila jiwe ni la kampuni. Nikauliza habari za santuri. Muziki upo, wa zeze na baragumu, lakini umetungwa na wenye mchezo na mchezaji hana namna ya kuuchanganya apendavyo.

Nguzo ya ufokaji ndiyo iliyonishangaza kupita zote. Watu wa nchi ile wamegawanyika pande mbili, Alliance na Horde, ambazo zina uhasama wa tangu zamani. Tangu 2022 wameruhusiwa kushirikiana katika baadhi ya mapambano, lakini uhasama ndio msingi. Sasa, mtu wa upande mmoja akimwandikia mtu wa upande wa pili, kwa kawaida maneno humfikia yamevurugwa, yamekuwa herufi zisizo na maana. Waweza kumpiga hasimu yako kwa shoka, waweza kumchezea ngoma, lakini huwezi kumtungia shairi akalisikia.

Msomaji wa pwani ataona mara moja kilichopungua. Sisi tumewahi kuwa na ulimwengu wa kubuni wenye pande mbili. Ulikuwa ukiitwa beni. Ngoma hiyo ilianza pwani yetu mwishoni mwa karne ya 19, na mwanachuoni Terence Ranger aliiandikia kitabu kizima mwaka 1975. Hapa Mombasa palikuwa na Kingi na Scotchi. Watu wa kawaida, mahamali na mafundi, walivaa mavazi ya kiaskari, wakapewa vyeo vya kifalme na vya kijeshi, wakapita mitaani kwa ngoma na matarumbeta, kila upande ukijaribu kuushinda mwenziwe. Mchana mtu ni kuli, jioni ni jemadari. Huo si mchezo wa kujichagulia umbo?

Lakini Kingi na Scotchi walisikiana. Nyimbo zilitungwa ili zimchome wa upande wa pili, naye arudi na jibu lenye kuchoma zaidi. Na kabla yao, Muyaka bin Haji alijibizana kwa mashairi na watu wa Lamu katika zama za vita vya Mazrui, na hapana aliyehitaji kumweleza maana ya kufoka. Ushindani wa namna hiyo una adabu yake. Lazima umsikilize hasimu yako sana ndipo uweze kumjibu.

Nilikaribia kumwambia dada yangu kwamba humo hamna hip hop, ila kivuli cha ngoma moja. Ghafla kijana akavaa spika zake za masikioni, akanipa upande mmoja nisikilize. Walikuwa wanne wakingojea pambano: yeye, mmoja wa Eastleigh, mmoja wa Nyali, na mmoja mtoto wa Kiswahili akaaye Maskati. Kungojea kukawachosha. Basi wa Nyali akamtupia mwenziwe beti, akimcheka shoka lake kuwa halikati hata mkate. Wa Eastleigh akajibu kwa vina kwamba kwao Nyali umeme hukatika kila mtu anapokaribia kushindwa. Wa Maskati akawa anapiga meza kwa vidole kushika mapigo. Mpwa wangu, ambaye mamake asema hazungumzi, akafoka beti nne mfululizo kwa Sheng na Kiswahili cha nyanyake, wenziwe wakapiga kelele za kumsifu.

Hip hop haikuwa imewekwa ndani ya mchezo. Watoto waliingia nayo. Wamenyimwa baraza, wakajifanyia baraza pembeni mwa vita vya watu wengine.

JINA LA MWENYEWE

Sasa nirudi kwenye lile neno, "ndivyo walivyo". Ngoma ya MC Hammer ilikuwa na mwenyewe. Hammer naye hakuwa mtu wa kuchukua bure bila ya kuulizwa. Wimbo wake ulisimama juu ya mapigo ya "Super Freak", wimbo wa Rick James wa mwaka 1981, na Rick James alipokwenda mahakamani mambo yalimalizwa kwa yeye kuandikwa kuwa mmoja wa watunzi na kulipwa. Lakini orki anapocheza, hapana jina la mtu linaloonekana kwenye kioo. Ngoma imekuwa tabia ya jitu, kama mkia ulivyo wa mbwa.

Wala si mchezo huu peke yake. Desemba 2018 mfokaji wa Brooklyn aitwaye 2 Milly aliishtaki kampuni ya Epic Games, akidai kwamba ngoma yake ya Milly Rock ilikuwa ikiuzwa ndani ya mchezo wa Fortnite kwa jina jingine, "Swipe It". Machi 2019 mashtaka yaliondolewa, baada ya Mahakama Kuu ya Marekani kuamua katika kesi nyingine kwamba anayedai haki ya utunzi ni lazima kwanza kazi yake iwe imesajiliwa. Hilo ndilo somo. Ulimwengu huo mpya hauulizi nani alianza. Wauliza nani aliandikisha.

Na sisi tumeandikisha nini? Wakenya wameanza kubuni michezo yao wenyewe. Wesley Kirinya alitoa The Adventures of Nyangi mwaka 2007, na Andrew Kaggia akatoa Nairobi X mwaka 2015. Siku moja mmoja wao, au mgeni wa mbali, atataka ngoma ya kuwapa watu wa kisiwa cha kubuni. Atachukua chakacha, atachukua goma la Lamu, na mtoto atakapouliza nani aliwafundisha, ataambiwa ndivyo walivyo.

Usiku ule, baada ya sala ya isha, dada yangu aliniuliza hukumu. Nilimwambia asimkatie. Apunguze saa, sala na masomo yasiguswe, lakini asiivunje ile baraza, maana hana nyingine ya kumpa mwanawe nyuma ya lango la chuma. Nikaongeza sharti moja: kila ngoma atakayoiona humo, kijana atafute mwenyewe ni nani, aandike jina lake katika daftari.

Kijana alikubali upesi kuliko nilivyotazamia. Akachukua kalamu, akaandika jina la MC Hammer na mwaka 1990. Kisha akaniuliza, "Mjomba, babu yenu alikuwa upande gani katika beni?"

"Kingi," nikamjibu kwa majivuno.

"Alikuwa akiimba wimbo gani? Ulitungwa na nani?"

Wasomaji wapenzi, wimbo naujua. Marehemu babu aliuimba kila Idi, nami naweza kuuimba hata sasa. Mtunzi wake simjui. Sikuwahi kumwuliza babu, na waliokuwa wakimjua wamekwisha tangulia mbele ya haki. Mashairi ya Muyaka tunayo kwa sababu Mwalimu Sikujua bin Abdallah alikaa akayakusanya, hata yakachapishwa mwaka 1940. Wimbo wa babu haukupata Sikujua wake.

Kijana alisubiri, kalamu mkononi. Nikamwambia aandike maneno ya wimbo, na mahali pa jina apaache wazi. Likizo ijayo atashuka Mombasa, nami nitampeleka kwa wazee waliobaki tukawaulize.