Hela Imetoka, Haijafika. Iko Wapi?

Nimekuwa adimu wiki hizi tatu, mniwie radhi. Sikuwa safarini wala sikuwa mgonjwa. Nilikuwa natafuta hela. Na wala si yangu!

Iko hivi. Rafiki yangu mmoja, tumesoma naye pale Mlimani, anajipatia riziki kwa kuchora nembo na vipeperushi vya wateja wa nje. Mteja wake mmoja aliyeko Ulaya humlipa kwa USDT, ile sarafu ya mtandaoni ya kampuni ya Tether inayokusudiwa kuwa na thamani ya dola moja. Safari hii malipo yalikuwa USDT 420. Kwa wengine hiyo ni hela ya kujaribia bahati. Kwake ni kodi ya miezi sita, na mwenye nyumba wake, kama wenye nyumba wengi wa jiji hili, hapokei kodi ya mwezi mmoja mmoja.

Mteja akatuma Jumatatu. Akaleta na picha ya skrini: muamala umekamilika. Rafiki yangu akafungua akaunti yake kwenye soko la sarafu analotumia. Sifuri. Jumanne, sifuri. Jumatano jioni akanipigia: "Kaka, wewe si mwandishi? Hawa watu wamekula hela yangu!"

Nikiri jambo kabla ya kuendelea. Nimewahi kuandika habari za Bitcoin gazetini zaidi ya mara moja. Bei imepanda, bei imeshuka, mtaalamu fulani kasema, basi. Sikuwahi kujiuliza hela yenyewe inapita wapi ikitoka kwa Juma kwenda kwa Asha. Siku ile ndiyo niliona aibu. Tunawaandikia watu bei ya nauli bila kuwaambia basi linapita barabara gani.

Haya, tuanze na hiyo barabara.

Ukituma hela kwa simu, aliyeandika kwamba imetoka kwako na aliyeandika kwamba imeingia kwa mwenzako ni kampuni, na daftari analifungia ndani. Ukikosea namba unapiga simu huduma kwa wateja, na ukiwahi kabla hajaitoa, unaweza kurudishiwa. Sarafu hizi hazina huduma kwa wateja wa aina hiyo. Tangu daftari la Bitcoin lilipofunguliwa Januari 2009, limekuwa wazi kwa kila mwenye intaneti. Kila muamala una namba yake, mlolongo wa herufi na tarakimu 64, na ukiwa na namba hiyo unaweza kuingia kwenye tovuti za kuchungulia miamala ukaona umetoka anwani gani, umeenda anwani gani, kiasi gani, saa ngapi. Bila nywila, bila kumlipa mtu.

Kwa hiyo swali la kwanza si "nani kala hela yangu?" Swali la kwanza ni "namba ya muamala iko wapi?" Picha ya skrini si ushahidi. Mtoto wa shule anaweza kuitengeneza. Mwambie aliyekutumia akupe namba. Akishindwa kuitoa, bado hajatuma, au kilichotoka ni maneno tu.

Ukishaipata namba, daftari litakupa jibu mojawapo kati ya matatu.

La kwanza, muamala upo lakini bado unasubiri. Kwenye Bitcoin, bloku mpya hupatikana kwa wastani wa kila dakika 10, na nafasi ndani yake ina kikomo. Wachimbaji huanza na wanaolipa ada kubwa. Siku ya foleni, kama ilivyokuwa Desemba 2017 na tena Aprili 2024, aliyeweka ada ndogo husubiri kwa saa nyingi, pengine siku. Hapo hela haijapotea, na kwa kweli haijaondoka kwa mtumaji. Pochi nyingi humruhusu mtumaji kuutuma upya muamala uleule kwa ada kubwa zaidi. Asipofanya hivyo, kompyuta nyingi za mtandao ule huufuta kwenye foleni baada ya kama wiki mbili, na salio likawa huru tena kwake.

La pili, muamala umeingia kwenye bloku lakini soko bado halijakuandikia. Soko husubiri uthibitisho, yaani bloku kadhaa zirundikwe juu ya ile yenye muamala wako, ili iwe vigumu mtu kuugeuza. Wakitaka uthibitisho 6 wa Bitcoin, hesabu kama saa moja. Huo ni utaratibu tu, hakuna aliyekuibia. Kunywa chai.

La tatu ndilo lenye maumivu: daftari linasema umekamilika, uthibitisho ni mamia, na kwako bado ni sifuri. Ukifika hapa jua kwamba umetoka kwenye daftari la wazi ukaingia kwenye daftari la soko, na hilo limefungwa. Linganisha anwani herufi kwa herufi, zote, maana kuna virusi vya kompyuta vinavyobadilisha anwani pale unaponakili na kubandika, na kuna matapeli wanaotengeneza anwani inayofanana na yako mwanzoni na mwishoni tu. Angalia kiwango cha chini cha kuweka. Masoko mengi hayaandiki kiasi kilicho chini ya hapo. Angalia kama wametangaza kusimamisha upokeaji wa sarafu hiyo kwa matengenezo. Na kama sarafu ni XRP au XLM, kuna namba ya ziada ambayo soko hutumia kumtambua mteja, kwa sababu wateja wote hushiriki anwani moja. Ukiisahau ni sawa na kupeleka fedha shuleni bila jina la mwanafunzi. Shule imepokea, mtoto anafukuzwa ada.

Sasa turudi kwa rafiki yangu. Namba ya muamala tukaipata. Tukaiweka kwenye tovuti ya kuchungulia mtandao wa Ethereum. Haipo! Jamaa akashika kichwa. Nikamwambia tulia, muulize mteja alichagua mtandao gani. Jibu likaja baada ya saa mbili: alichagua BNB Smart Chain kwa sababu ada yake ni ndogo kuliko ya Ethereum.

Hapo ndipo palipokuwa na fundo. USDT ni jina moja, lakini inatembea kwenye mitandao mingi isiyosomana. Anwani za Tron huanza na herufi T, kwa hiyo ukichanganya na Ethereum pochi yenyewe itagoma. Lakini anwani za Ethereum na za BNB Smart Chain zote huanza na 0x na zina umbo lilelile. Pochi haigomi. Hela inaenda, inafika, inakaa kwenye anwani ileile ila upande wa mtandao mwingine. Na soko la rafiki yangu lilikuwa linapokea USDT kwa Ethereum na Tron tu. Tulipoiweka ile namba kwenye tovuti ya mtandao sahihi, ikaonekana mara moja: 420, imekamilika tangu Jumatatu. Hela ilikuwa imekaa mlangoni. Aliyekuwa na ufunguo wa mlango ni soko.

Tukaandika malalamiko. Namba ya muamala, anwani, kiasi, mtandao uliotumika, tarehe na saa. Tukajibiwa na mashine. Siku ya nne tukajibiwa na mashine tena.

Katikati ya kusubiri huko, rafiki yangu akaenda kulia hadharani kwenye kundi moja la Telegram. Hazikupita dakika kumi, akaja "afisa wa soko" mwenye nembo na Kiingereza cha suti. Akasema tatizo ni dogo: tuma dola 30 za kufungua muamala, na utupe yale maneno 12 ya pochi iliyo kwenye simu yako ili tuhakiki.

Jamani, si ndiyo ileile "ile hela tuma kwenye namba hii"? Imevaa tai tu. Na fikiria kidogo uone uongo ulipo. Hela ipo kwenye anwani ambayo ufunguo wake unao soko. Maneno 12 ya pochi ya simu yanafungua pochi ya simu, basi. Hayahusiani kabisa na anwani ile. Anayekuomba maneno hayo haji kukurudishia kilichopotea, anakuja kuchukua kilichobaki. Namshukuru Mungu jamaa alinipigia kabla ya kujibu.

Siku ya 19 binadamu akaandika. Soko likakubali kuitoa hela, likakata USDT 40 za "urejeshaji", likamwingizia 380. Mwenye nyumba alikuwa ameshapangisha mtu mwingine.

Sasa maoni yangu, maana hadi hapa nilikuwa naripoti.

Najua wapo watakaosema: si Benki Kuu iliwaonya tangu Novemba 2019 kwamba sarafu hizi hazitambuliki? Mmeyataka wenyewe! Nawaelewa. Lakini tuwe wakweli. Juni 2021 Rais Samia Suluhu Hassan aliitaka Benki Kuu ianze kujiandaa kwa mabadiliko haya. Kisha Sheria ya Fedha ya 2024 ikaleta kodi ya zuio ya asilimia 3 kwenye malipo ya uhamishaji wa mali za kidijitali. Kitu ambacho serikali inakitoza kodi hakiwezi kuendelea kuitwa mchezo wa wahuni. Kodi ni aina ya utambuzi. Lakini sheria ile ilileta kodi, haikuleta dawati la malalamiko. Kenya nao walianza na kodi ya asilimia 3 mwaka 2023, wakaiondoa mwaka 2025, na mwaka huohuo wakapitisha sheria ya watoa huduma wa mali za kidijitali, inayogawa usimamizi kati ya Benki Kuu yao na Mamlaka ya Masoko ya Mitaji. Sisemi sheria ya majirani ni dawa ya kila ugonjwa. Nasema pameandikwa mahali mtu wa kawaida akashitaki.

La pili, masoko yenyewe. Hawa jamaa wanajua makosa haya tangu zamani. Wanajua watu wanachanganya mitandao, wanasahau namba ya ziada. Kuweka onyo kubwa, kwa Kiswahili, kabla ya mtu kunakili anwani, kunagharimu nini? Na kama wanaiona hela mlangoni kwao na ufunguo wanao, kwa nini iwachukue siku 19 na asilimia karibu 10? Hii teknolojia iliuzwa kwetu kwa ahadi kwamba hutamhitaji mtu wa kati. Kumbe tumemrudisha mtu wa kati, tena asiye na ofisi unayoweza kwenda kugonga mlango. Waliokuwa na hela zao FTX waliligundua hilo Novemba 2022 kwa bei kubwa zaidi kuliko kodi ya miezi sita.

La tatu ni letu sisi vijana tuliosoma. Tuna tabia ya kumcheka aliyetapeliwa. "Huyo naye, msomi mzima!" Kwa hiyo mtu akikwama anaficha, na anayefichama ndiye anayeokotwa na matapeli wa Telegram. Rafiki yangu ana digrii. Mteja wake ana digrii. Hakuna somo la chuo lililowaambia kwamba jina moja la sarafu linaweza kuwa na barabara tano.

Basi tufanye hivi. Kama una mtu anayelipwa kwa njia hii, mwambie mambo matatu leo hii, kabla hajakwama. Muulize mpokeaji mtandao, usikisie. Tuma kidogo kwanza, dola chache, zikifika ndipo utume zilizobaki. Na zisipofika, tafuta namba ya muamala kabla hujatafuta msaada, kwa sababu asiye na namba hiyo yuko gizani, na gizani ndiko wanakokaa wenye Kiingereza cha suti.

Rafiki yangu kwa sasa analala kwa dada yake Tabata, anatafuta chumba upya. Mteja ameshamtumia malipo mengine. Safari hii walianza na dola tano, wakakaa wote wawili kwenye simu wakiitazama inavyoingia.

Naomba kuwasilisha.