KITABU CHETU, DENI LA NANI?



Twafurahi kusikia kwamba wenzetu kadhaa wa Malindi na Kilifi wanataka kupiga chapa vitabu vidogo: mashairi, ngano za Kigiriama, na habari za Mekatilili wa Menza aliyewaongoza Wagiriama mwaka 1913. Ni jambo jema. Lakini kabla ya kwenda kwa mpiga chapa, ulizaneni: vitabu visiponunuliwa, deni litakuwa la nani?

Njia ya kwanza ni kuandikisha jina la biashara. Ni rahisi, na gharama yake ndogo. Lakini jina si ngao. Mwenye jina akidaiwa, hudaiwa mpaka baiskeli yake. Na mkiwa wawili au watatu katika ubia wa kawaida, mmoja aweza kuagiza karatasi, na wote mkalipa.

Njia ya pili ni kampuni ya hisa. Tangu sheria ya mwaka 2015, hata mtu mmoja aweza kuiunda. Ikianguka, mwenye hisa hupoteza hisa zake, si nyumba yake. Ila akitia sahihi kuudhamini mkopo yeye mwenyewe, ngao hiyo ameivua. Tena, mwenye hisa nyingi ndiye mwenye sauti kubwa.

Njia ya tatu ni chama cha ushirika. Chataka watu wasiopungua 10, na kila mtu ana kura moja, awe ameweka shilingi mia au elfu. Uzito wake ni mikutano, na hesabu za kukaguliwa.

Shauri letu ni hili. Mkitimia kumi na mnaaminiana, undeni ushirika. Mkiwa wachache, undeni kampuni. Jina la biashara tumwachie mwenye kulipa taslimu kutoka mfukoni mwake.

Na njia yoyote mtakayoshika, andikeni mapatano. Kwa sheria ya hakimiliki ya mwaka 2001, mwandishi hahamishi haki yake ila kwa maandishi yenye sahihi. Basi msitie sahihi msichokisoma. Wala mtu asiguse ada za chama: hizo ni za kutetea mishahara, si rasilmali ya vitabu.

Sisi wa reli twajua kwamba treni haiondoki stesheni kwa nia njema tu. Yangoja ishara, na njia iwe wazi. Itengenezeni njia kwanza, ndugu, kisha mwandike.